Zaburi ya 8, Zaburi ya 90, Ayubu 38–41 na Mhubiri: lipi lisomwe na nani kuhusu udogo wa mwanadamu mbele za Mungu

Anayetafuta katika mashairi ya hekima ya Waebrania andiko linalosema kwamba mwanadamu ni mdogo mbele za Mungu huyakuta mengi, na shida yake huwa ni kuchagua. Katekista aliyeombwa somo la mazishi, kiongozi wa jumuiya anayeandaa vipindi vya mwezi mzima, mwanafunzi wa fasihi aliyepewa kazi ya kulinganisha mashairi mawili, na mgonjwa anayesoma peke yake usiku, wote wanaweza kuangukia mstari uleule, nao ukamfaa mmoja na kumuumiza mwenzake.

Nimechagua maandiko manne ambayo watu huyumba kati yake mara nyingi: Zaburi ya 8, Zaburi ya 90, maneno ya Mungu kutoka katika upepo wa kisulisuli (Ayubu 38–41), na kitabu cha Mhubiri. Kwa wataalamu wanaopanga zaburi kwa aina, ile ya 8 ni wimbo wa sifa na ile ya 90 ni maombolezo ya jamii, lakini zote mbili zinauliza maswali ya vitabu vya hekima, na ya 8 ina mistari inayojibizana moja kwa moja na Ayubu, kwa hiyo kuziacha nje kungekuwa kushika kanuni na kupoteza mazungumzo yenyewe. Zaburi ya 39, ya 139 na ya 144, pamoja na Isaya 40, zingestahili kuwemo. Nimeziacha kwa sababu ya nafasi tu.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza ni kipimo: shairi linampima mtu kwa kitu gani hata aonekane mdogo? Lipo linalompima kwa anga, lipo linalompima kwa miaka, lipo linalompima kwa asiyoyajua, na lipo linalompima kwa kifo kinachomkuta yeye na mnyama vilevile. Cha pili ni msemaji: nani anautamka udogo huo, na anamwambia nani? Cha tatu ni salio: shairi likiisha, mtu ameachiwa nini mkononi? Cha nne ni usomaji, yaani urefu, mwendo wa mistari na jinsi inavyosikika ikisomwa kwa sauti. Cha tano ni msomaji: linamfaa nani, na linaweza kumuumiza nani?

Kati ya hivi vitano nakipa uzito zaidi cha pili, na sababu imo ndani ya kitabu cha Ayubu chenyewe. Katika sura ya 25, yenye mistari 6 tu na ambayo ndiyo hotuba fupi kuliko zote za marafiki wa Ayubu, Bildadi Mshuhi anautazama mwezi na nyota, vile vile ambavyo mwimbaji wa Zaburi ya 8 anavitazama, lakini anatoka na neno jingine kabisa: ikiwa mwezi hauna mwangaza na nyota si safi machoni pa Mungu, sembuse mtu, aliye buu, na mwanadamu, aliye mdudu. Ukiyasoma maneno hayo peke yake utayaita unyenyekevu mkubwa. Lakini anayeambiwa ni mtu aliyefiwa na watoto wake 10 kwa siku moja, aliyejaa majipu tangu wayo wa mguu hadi utosini, aketiye majivuni akijikuna kwa kigae. Na kitabu kinapokaribia kwisha, katika 42:7, hasira ya Mungu inawawakia marafiki hao kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu, yule yule aliyelalamika, akabisha na kudai kesi yake isikilizwe. Kwa hiyo kabla sijauliza andiko linasema nini kuhusu udogo wa mtu, nauliza kwanza ni nani aliyeketi upande wa pili wa maneno hayo.

Zaburi ya 8

Kipimo. Ni anga, tena anga la usiku. Mwimbaji anautaja mwezi na nyota na jua halitaji, naye anaziita mbingu kazi ya vidole vya Mungu, kana kwamba ulimwengu wote wa juu ulikuwa kazi ya ufundi mwembamba isiyohitaji nguvu za mkono mzima. Mbele ya kazi hiyo anauliza, “Mtu ni kitu gani hata umkumbuke?” Msomaji anajiandaa kusikia kwamba mtu si kitu, ila shairi linageuka ghafula: mtu amefanywa mdogo punde tu kuliko Mungu, amevikwa taji ya utukufu na heshima, na vitu vyote vimewekwa chini ya miguu yake.

Msemaji. Mtu anasema na Mungu kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, wala hakuna mtu wa tatu anayehubiriwa. Mstari unaofungua ndio unaofunga, ukilisifu jina la Mungu duniani kote, hivyo taji la mwanadamu limezungushiwa ukuta wa sifa pande mbili, na anayelinyofoa kutoka katikati ili alisome peke yake amelipata shairi jingine.

Salio. Katika maandiko haya manne hakuna linalomwachia mtu zaidi. Anabaki na heshima na kazi ya kusimamia kondoo na ng'ombe, wanyama wa kondeni, ndege wa angani na samaki wa baharini. Orodha hiyo inaanza na mifugo, jambo ambalo litakuwa na maana tukifika kwa Ayubu.

Usomaji. Mistari 9 katika Biblia zetu (10 katika hesabu ya Kiebrania, ambayo huhesabu na kichwa cha zaburi), na mtoto wa darasa la katekisimu anaweza kuikariri. Kanisa Katoliki huiimba kama zaburi ya wimbo wa katikati Jumapili ya Utatu Mtakatifu ya Mwaka C (masomo ya Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C). Mwezi Julai 1969 Buzz Aldrin aliisoma mistari yake ya 3 na ya 4 katika matangazo ya televisheni wakati Apollo 11 ilipokuwa njiani kurudi kutoka mwezini, na zaburi hiyo hiyo imo katika ujumbe wa Papa Paulo VI ulioachwa huko kwenye kisahani kidogo pamoja na salamu za viongozi wengine. Nalitaja hili kwa kuwa linaonyesha vizuri ni nani anayevutiwa na zaburi hii kwa urahisi: mtu ambaye mambo yake yamemwendea vema, na bado anastaajabu.

Msomaji. Inawafaa vijana, wanafunzi wa sayansi, ibada ya shukrani ya mavuno, na kila anayeanza kusoma jambo hili kwa mara ya kwanza. Inaweza kumpotosha anayetafuta ruhusa ya kutumia dunia apendavyo, na inaweza kumchoma mtu ambaye taji lake limekwisha kuanguka. Jambo hili la pili Waebrania wenyewe walilijua, kwani mmoja wao aliichukua zaburi hii, au walau swali lake, na kuligeuza ndani nje.

Ayubu 38–41, na sura zinazoyatangulia

Kabla Mungu hajasema, Ayubu ameshasema mengi, na hakuna pahali anapokaribia Zaburi ya 8 kama 7:17–19. Anauliza swali lile lile, mtu ni kitu gani, lakini kwake kukumbukwa na Mungu ni kero: mtu ni nini hata umkuze hivi, umwangalie kila asubuhi na kumjaribu kila dakika? Kisha anaomba aachwe japo muda wa kumeza mate. Hakuna mstari ninaoujua katika mashairi haya unaoonyesha mateso kwa ukaribu kama huo. Mtu amechoka kiasi kwamba muda wa kumeza mate unakuwa likizo. Katika 19:9 analalamika tena kwamba Mungu amemvua utukufu wake na kuiondoa taji kichwani mwake, na ni vigumu kutosikia humo jibu la mtu aliyeikariri zaburi utotoni na sasa anairudisha kwa mwenyewe.

Kipimo. Mungu anapoanza kusema katika sura ya 38, hampimi Ayubu kwa dhambi zake, ingawa hicho ndicho kipimo ambacho marafiki wamekuwa wakikitumia kwa sura nyingi. Anampima kwa asiyoyajua. “Ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi?” Maswali yanafuatana bila kupumua: nani aliifungia bahari milango ilipobubujika kama mtoto azaliwaye, akaivika mawingu kama nguo za kichanga, nani anayezijua ghala za theluji, je, waweza kuufunga mnyororo wa Kilimia? Mkulima wa Pwani, ambaye wazee wake walikitazama Kilimia ili wajue majira na kusema kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, yuko karibu na swali hili kuliko msomaji wa mjini asiyeyaona hata hayo mawingu ya nyota kwa ajili ya taa, maana anajua ni kiasi gani cha ugali wake kinategemea nyota ambazo hawezi kuzisogeza.

Lakini picha ninayoiona kuwa kiini cha hotuba yote iko katika 38:26, mahali ambapo Mungu anauliza nani huinyeshea mvua nchi isiyo na watu, jangwa lisilo na mwanadamu. Katika nchi kavu kama ile, mvua ndiyo riziki, na kuimwaga mahali pasipo na shamba wala mtu ni ubadhirifu kwa hesabu za kibinadamu. Mungu anaiona kuwa kazi nzuri, nyasi changa zichipue hata kama hakuna wa kuzila. Mtu ni mdogo hapa kwa sababu dunia ina shughuli zake ambazo hazimhusu.

Wanyama wanathibitisha hivyo. Zaburi ya 8 ilianza na kondoo na ng'ombe. Ayubu 39 inaanza na mbuzi wa mwambani, ambao siku yao ya kuzaa haijulikani na mchungaji yeyote, inaendelea kwa punda-mwitu anayeicheka kelele ya mji, kwa nyati ambaye hatakubali kulala zizini wala kuvuta jembe, kwa mbuni anayemcheka farasi na ampandaye. Mnyama pekee katika mfuatano huo anayekubali kupandwa ni farasi wa vita, na hata huyo anasifiwa kwa kutomwogopa mtu wala upanga. Sura za 40 na 41 zinawaleta Behemothi na Lewiathani, wanyama wawili wakubwa wa kutisha, ambao hakuna wa kuwatia ndoana. Na bado 40:15 inasema Behemothi aliumbwa “pamoja nawe”, maneno mawili yanayomweka Ayubu katika safu moja na viumbe hao, akiwa mmoja wao, wala si bwana wao.

Msemaji. Mungu mwenyewe anasema, na anasema na mtu mmoja moja kwa moja, kutoka katika upepo wa kisulisuli. Hili ndilo linalotofautisha hotuba hii na ile ya Bildadi, ingawa zote mbili zinamwambia Ayubu kwamba ni mdogo. Ayubu alikuwa ameomba kwa sura nyingi Mungu amjibu, naye amejibiwa. Marafiki walikuwa wakizungumza juu ya Mungu na hakuna hata mmoja wao aliyezungumza naye.

Salio. Ni gumu kulitaja. Mungu hamwelezi Ayubu kuhusu mashindano ya sura ya 1 kati yake na Shetani, hataji majipu wala watoto waliokufa, na wasomaji wengi wa kweli wameondoka hapa wakiona kwamba mtu amenyamazishwa tu. Nawaelewa. Ayubu anaweka mkono kinywani katika 40:4, na katika 42:5 anasema kwamba alikuwa amesikia habari za Mungu kwa masikio, ila sasa jicho lake limemwona. Kwa hesabu ya mambo ya kushikika, hilo ndilo tu analobaki nalo kabla ya mali kurudishwa katika masimulizi ya mwisho.

Usomaji. Sura hizi nne zina mistari 129, na zinahitaji msomaji mwenye pumzi. Zisomwe kwa sauti kwa mkupuo mmoja, kwa sababu nguvu yake imo katika kurundikana. Ukichomoa swali moja na kulitundika ukutani linakuwa kemeo. Wakatoliki husikia kipande kidogo tu, 38:1 na 8–11, Jumapili ya 12 ya Mwaka B, pamoja na Injili ya Yesu akiituliza dhoruba (Marko 4:35–41), na ni kipande kizuri, lakini hakina mnyama hata mmoja. Wayahudi wa mapokeo ya Kisefardi (yenye asili ya Hispania) hukisoma kitabu cha Ayubu siku ya Tisha b'Av, siku ya kuomboleza kuangamizwa kwa Hekalu. Msomaji aliyelelewa Pwani huenda amemjua kwanza Ayubu wa utenzi wa kale wa Kiswahili, anayesifika kwa subira. Ayubu wa mashairi ya Kiebrania, kuanzia sura ya 3 anapoilaani siku aliyozaliwa, ana subira ya namna nyingine, ile ya mdai asiyetoka mlangoni mwa hakimu.

Msomaji. Inamfaa mwenye hasira na Mungu, mwenye kuchoshwa na majibu ya haraka, na pia mtu anayejali viumbe na mazingira bila kutaka kila kitu kiwe na faida kwa mwanadamu. Haimfai mtu wa tatu anayetaka kumnyamazisha mwenye uchungu kwa kumsomea “ulikuwa wapi”. Akifanya hivyo amechukua maneno ya Mungu na kukaa katika kiti cha Bildadi.

Zaburi ya 90

Kipimo. Ni muda. Kabla milima haijazaliwa, Mungu yupo; miaka elfu machoni pake ni kama jana iliyokwisha kupita, au kesha moja la usiku, ambalo kwa Waebrania wa kale lilikuwa theluthi ya usiku, yaani kama saa 4. Dhidi ya hayo inawekwa miaka 70 ya mtu, au 80 akiwa na nguvu, na picha ya majani yanayochipuka asubuhi na kukauka jioni, jambo ambalo katika nchi ile yenye upepo wa moto utokao jangwani si chumvi za mshairi. Hakuna mnyama hapa. Mtu amelinganishwa na majani tu.

Msemaji. Wengi wanasema na Mungu. Ni “sisi” tangu mwanzo, na kichwa chake kinaiita sala ya Musa, mtu wa Mungu, zaburi pekee iliyopewa jina lake. Nafasi yake nayo inasema kitu: inafungua sehemu ya nne ya kitabu cha Zaburi, mara tu baada ya Zaburi ya 89 inayolia kwa kuanguka kwa kiti cha Daudi, hivyo waliozipanga zaburi waliiweka kinywani mwa taifa lililopoteza mfalme.

Salio. Watu wengi huishia mstari wa 12, “utujulishe kuzihesabu siku zetu”, wakidhani shairi limefika mwisho wake. Lakini baada ya hapo sauti inabadilika. Katika mstari wa 3 Mungu aliwaambia wanadamu warudi mavumbini. Katika mstari wa 13 wanadamu wanamwambia Mungu arudi, tena wanauliza, hata lini? Wanadai wafurahishwe kwa kadiri ya siku walizoteswa, na wanaomba mara mbili kwamba kazi ya mikono yao ithibitishwe. Majani yanayokauka jioni yanaomba kazi yake idumu, na hawaoni aibu kuomba hivyo.

Usomaji. Mistari 17, inayosomeka kwa utulivu bila kuharakisha. Ibada ya mazishi katika Kitabu cha Sala cha Kianglikana cha mwaka 1662 iliiweka pamoja na Zaburi ya 39, na tangu hapo imekuwa vigumu kuitenga na kaburi. Wayahudi, kwa upande wao, huisali asubuhi ya Sabato, mahali ambapo inakuwa sala ya walio hai wanaoianza siku.

Msomaji. Inamfaa mzee, familia iliyomzika mzee, na watu wa umri wa kati walioanza kuona kwamba kazi waliyoipanga haitakamilika na wao. Nina tahadhari mbili. Mistari ya 7–11 inafungamanisha ufupi wa maisha na ghadhabu ya Mungu, na ikisomwa mbele ya jeneza la mtoto watu watasikia kwamba mtoto aliadhibiwa, hata kama hakuna aliyekusudia. Na mstari wa 10, wenye hesabu ya miaka 70, ukisomwa katika mazishi ya kijana wa miaka 22 unageuka kuwa deni ambalo Mungu hakulilipa.

Mhubiri

Kipimo. Ni kifo, na marudio. Kizazi huenda na kizazi huja, mito yote huingia baharini na bahari haijai, na katika 3:19 mwanadamu na mnyama wana pumzi moja na mwisho mmoja. Mnyama aliyekuwa chini ya miguu katika Zaburi ya 8, na aliyekuwa huru nyikani katika Ayubu 39, hapa amelala kaburi la jirani. Wasomi wengi wanakiweka kitabu hiki katika zama za Waajemi au mwanzoni mwa zama za Wayunani. Vipande vyake vilivyopatikana katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, vinaonyesha kwamba kilikuwa kikinakiliwa kabla ya mwaka 100 kabla ya Kristo.

Msemaji. Mzee, au mwenye sauti ya mzee, anawaambia vijana. Anasema juu ya Mungu na hamsemeshi Mungu hata mara moja, wala Mungu hamjibu, na katika sura zote 12 lile jina la agano lisilotamkwa na Wayahudi halionekani. Yupo “Mungu” tu. Kauli yake ya 5:2, “Mungu yuko mbinguni, na wewe uko chini, kwa hiyo maneno yako na yawe machache,” inaonyesha umbali huo anaoukubali bila kuulalamikia.

Salio. Mkate, divai, nguo nyeupe, mafuta kichwani, mke umpendaye, na kazi itakayofanywa na mkono wako kwa nguvu zako (9:7–10). Ni salio dogo, lakini la kushikika kuliko la Ayubu, na linatolewa kama kipawa cha Mungu. Mbwa aliye hai, anasema, ni bora kuliko simba aliyekufa.

Usomaji. Mistari 222, sehemu kubwa ikiwa nathari yenye mashairi ndani yake. Mashairi mawili yanasimama peke yake: lile la majira (3:1–8) lenye jozi 14, na lile la uzee (12:1–7), ambapo mwili umechorwa kama nyumba inayofungwa jioni, wasagao wameacha kazi kwa kuwa wamebaki wachache, wachunguliao madirishani wametiwa giza, na mlozi umechanua maua meupe. Wayahudi wa Ashkenazi (wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki) hukisoma kitabu hiki wakati wa sikukuu ya Vibanda, wanapokaa katika vibanda vya matawi. Wakatoliki husikia mwanzo wake Jumapili ya 18 ya Mwaka C.

Msomaji. Kinamfaa aliyefanikiwa na kuona kwamba mafanikio hayakumjaza, na mtu asiyepata kusali lakini bado anamcha Mungu. Mwenye sonona asikabidhiwe peke yake. “Ubatili mtupu” ukiingia katika moyo uliokwisha kuinama hauna wa kuuzuia.

Kwa hali mbalimbali

Kwa mazishi ya mzee aliyeshiba siku, Zaburi ya 90 itoshe, na isomwe yote hadi mstari wa 17. Kwa mazishi ya mtoto au kijana, ningeiacha pamoja na hotuba ya Mungu kwa Ayubu. Ayubu 19 au sehemu ya sura ya 7 inawapa wafiwa maneno ya kumwambia Mungu, na ikiwa familia haiwezi kuyabeba maneno makali hivyo, Zaburi ya 139, kwa ukaribu wake, ni kimbilio bora kuliko yote manne. Katika mazishi ya kanisa lenye utaratibu wake wa masomo, mwulize kwanza paroko au mchungaji ni yapi yanayoruhusiwa.

Anayemtembelea mgonjwa asichague yeye. Amwulize mgonjwa anataka kusikia nini, na akichagua Ayubu, aanzie sura ya 3 na kumwacha mgonjwa aseme ni lini yuko tayari kwa sura ya 38. Wengine hawafiki huko, wala si lazima wafike.

Kwa jumuiya inayotaka vipindi vinne, mfuatano unaofanya maandiko haya yazungumze ni Zaburi ya 8, kisha Ayubu 7 na 25 vikisomwa sambamba nayo, kisha Ayubu 38–41 kwa kipindi kizima, kisha Zaburi ya 90. Mhubiri akiongezwa, apewe vipindi vyake viwili, sura 1–6 na 7–12.

Mwanafunzi wa fasihi mwenye nafasi ya mashairi mawili tu atapata mengi zaidi kwa kuziweka Zaburi ya 8 na Ayubu 39 bega kwa bega na kufuata wanyama, kuliko kwa kulinganisha Zaburi mbili zinazokubaliana. Mwenye muda zaidi aongeze Zaburi ya 144:3–4, ambapo swali la mtu ni kitu gani linaulizwa kwa mara nyingine na kujibiwa kwa kivuli kipitacho, halafu aulize kwa nini zaburi hiyo inaendelea mara moja kumwomba Mungu ashuke vitani.

Kwa anayesoma peke yake bila msiba wala kazi ya darasa, aanzie popote panapomvuta, ila akianzia Mhubiri asiruke kwenda 9:7 kabla ya kuzipitia sura za 1 na 2. Mkate na divai za sura ya 9 zinasemwa na mtu aliyekwisha kujenga nyumba, kupanda mizabibu, kukusanya fedha na dhahabu, na kuzipima zote.